Boti Haitemi Maji

Kilichobadilika kwanza ni mlio. Boti ile, ikiwa na afya yake, ilibubujika kwa nyuma kama mtu anayesukutua mdomo asubuhi, na waliokaa kando ya mto waliitambua kwa mlio huo kabla hawajaiona. Sasa ilianza kubweka. Fundi, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa akimalizia kipande cha mkate, akaacha kutafuna. Alikwenda nyuma, akapiga magoti, akainama mpaka akaliona tundu la ekzosi, ambako maji yanayopoza injini hutokea pamoja na moshi. Lilikuwa linatoa mvuke mweupe. Maji, hata tone hapakuwa.

"Wifi!" alipaza sauti. "Zima injini! Boti haitemi maji!"

Mwanamke aliyeshika usukani hakugeuka. Alikuwa dada mkubwa wa mume wa fundi, na alikuwa amevusha watu mto ule tangu enzi ambazo wanaume walikuwa wakimwona mwanamke kwenye usukani wanashuka, wanasubiri boti nyingine. Wote walimwita Nahodha, hata ndugu zake.

"Nizime hapa?" alisema. "Unaona tulipo?"

Fundi aliona. Walikuwa katikati kabisa. Mvua zilikuwa zimenyesha huko juu mfululizo, mto umejaa, na tangu asubuhi bwawa lilikuwa limefungua milango yake ya kumwagia maji. Povu na matawi vilikuwa vikipita ubavuni mwa boti kwa kasi, vyote vikielekea upande mmoja, kwenye ukuta mrefu wa zege wa bwawa hilo uliokuwa ukionekana upande wa chini wa mto, na mbele ya ukuta ule mstari wa maboya mekundu uliowakataza watu wasisogee zaidi. Ili boti isichukuliwe, Nahodha alikuwa ameielekeza pua juu ya mto na kuiongezea mafuta kuliko kawaida.

"Geji ya joto inasema nini?"

"Imo kwenye nyekundu."

"Tangu lini?"

Nahodha aligonga kioo cha geji kwa kucha.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu tulipolipita jabali. Nilidhani itashuka."

"Haishuki. Ukiendelea itakufa, na ikifa haifufuki. Tukiizima sasa, itawaka tena. Tutupe nanga."

"Mdogo wangu angekuwepo, asingeniambia nizime injini katikati ya mto."

Maneno hayo fundi alikuwa ameyazoea. Mdogo wake Nahodha, ambaye mto mzima ulimwita Grisi, alikuwa nyumbani na mkono ndani ya plasta. Aliteleza juu ya paa akipigilia bati. Tangu siku hiyo mkewe ndiye aliyebeba sanduku la vifaa. Hakuwa mgeni wa kazi, maana alipokutana na Grisi, tayari yeye alikuwa akitengeneza pampu kwenye mashamba ya umwagiliaji. Lakini kwa Nahodha alibaki kuwa mke wa mdogo wangu, mtu aliyeshikilia nafasi mpaka mwenyewe apone.

"Angekuwepo angekwambia hivi hivi," fundi alisema. "Zima."

Injini ikabweka mara mbili, ikakohoa, na moshi wa harufu ya rangi iliyoungua ukapanda kutoka chini. Hilo ndilo lililoamua. Nahodha alizungusha ufunguo, kimya kikatanda, na ndani ya kimya hicho kila mtu akausikia mngurumo wa bwawa, ambao mlio wa injini ulikuwa umeuficha.

Abiria walikuwa kama kumi na watano. Mama muuza sufuria alikuwa amekaa katikati ya mzigo wake uliofungwa kwa kamba, na pembeni yake fundi baiskeli aliyepanda na baiskeli yake mwenyewe. Fundi baiskeli ndiye aliyeruka kwenda kusaidia nanga. Kamba iliteleza mikononi, ikakaza, boti ikageuka taratibu ikaelekeza pua juu, ikatulia.

"Vaeni jaketi za kujiokolea," Nahodha aliwaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayewaambia wakae vizuri. "Ni tatizo dogo. Fundi analishughulikia." Kisha akainama kwenye mlango wa chumba cha injini, akasema kwa sauti ya chini, "Chini hapa ni mwamba mtupu na tope juu yake. Nanga haitashika muda mrefu. Usiniangushe, wifi."

Chumba cha injini kilikuwa kidogo kama kabati, na joto lake lilimpiga usoni. Fundi alipangusa jasho kwa mkono wa shati, akajilazimisha afikiri polepole. Kinachoingia kina mlango wa kuingilia, na kina mlango wa kutokea. Ukiruka hatua utarudi mwanzo.

Alianza pale maji ya mto yalipoingilia. Alifunga valvu, akachomoa paipu, akafungua valvu kidogo. Maji yalimrukia kifuani, baridi, yenye nguvu. Mlango uko wazi. Akafunga, akaunganisha, akahamia kwenye chujio. Alipolifungua alikuta majani na nyuzi za mfuko wa plastiki vimejisokota.

"Umeona nini?" Nahodha aliuliza toka juu.

"Majani kwenye chujio."

"Basi ndiyo hayo! Rudishia, niwashe."

"Ni machache, wifi. Hayawezi kuziba kiasi hicho."

"Rudishia nimesema!"

Fundi alisita. Alijua kwamba majani yale hayatoshi. Lakini sauti ya Nahodha ilikuwa imeanza kutetemeka kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, na hofu ya mkubwa huambukiza. Alilisafisha chujio, akalifunga. Injini ikawaka. Ikabweka kavu vilevile, na mvuke ukapanda.

"Zima! Zima!"

Walipoteza muda, na joto likapanda tena. Hapohapo boti ikashtuka, kana kwamba mtu ameipiga teke tumboni. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nahodha alitazama ukingoni. Nyumba ya pampu iliyokuwa kule, ambayo mwanzo ilionekana sambamba na nguzo ya umeme, sasa ilionekana imeiacha nguzo nyuma.

"Nanga inaburutwa," fundi baiskeli alisema.

"Nimeona," alijibu Nahodha. "Ongeza kamba."

Kule chini, fundi alikuwa ameshalala ubavu, akifungua kifuniko cha pampu ya maji. Ndani ya pampu hiyo huzunguka kigurudumu cha mpira chenye mapezi, na mapezi hayo ndiyo yanayoyasukuma maji. Yakikatika, maji hayaendi. Alimulika kwa tochi aliyoishika kwa meno. Mapezi yote yalikuwepo, meusi, laini, hayana hata ufa.

"Pampu je?" Nahodha aliuliza.

"Nzima. Mpira mpya."

"Si nilikwambia? Ule aliuweka mdogo wangu mwenyewe kabla hajaanguka. Yule halipui kazi."

Fundi alirudisha kifuniko, akachomoa paipu inayotoka kwenye pampu kwenda mbele. Alitaka kuona kama pampu inasukuma kweli. "Nipeni chombo chochote!" aliita.

Wote walimtazama muuza sufuria.

"Mpya hizi," mama alisema, huku vidole vyake tayari vikifungua kamba. "Chukua, mwanangu. Nikizama nazo zitanifaa nini? Samaki hawapiki."

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha ghafla kilichokatika kabla hakijaisha. Sufuria ikapelekwa chini kwa mikono. Nahodha aliizungusha injini kidogo tu bila kuiacha iwake, na maji yakatoka kwenye paipu yakaijaza sufuria kwa kishindo.

Fundi aliitazama sufuria ile. Basi maji yanaingia, yanachujwa, yanasukumwa, yanafika hapa. Nyuma hayatokei. Katikati kilikuwepo kitu kimoja tu, kipozeo, ile silinda ya shaba yenye vijibomba vyembamba ndani yake, ambamo maji ya mto hupita na kuondoka na joto la injini.

Aliingiza kidole kwenye mdomo wa kipozeo. Shaba ilimuunguza, akauma meno, akakisukuma zaidi. Aligusa mchanga. Akagusa majani. Nyuma ya majani aligusa kitu kilichobonyea kisha kikarudi, kama ulimi.

Aliutoa mkono. Alijua ni nini, na alijua kimetoka wapi, na lile la pili lilimuumiza kuliko kidole kilichoungua.

Boti ikashtuka tena. Safari hii haikutulia upesi.

"Wifi!" Nahodha hakujali tena kuficha sauti. "Maboya nayaona mpaka namba zake!"

"Nimekipata!" fundi alijibu. "Nikikivuta kwa kidole kitaingia ndani zaidi. Lazima kisukumwe kwa nyuma. Bwana wa baiskeli! Una pampu?"

Fundi baiskeli alishuka na pampu yake, na koleo, na spoku moja ya gurudumu aliyoichomoa kwenye mfuko wa mgongoni. Walisaidiana kuilegeza paipu ya upande wa pili wa kipozeo. Kibanio chake kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Koleo likateleza, likamchubua mwanaume yule kifundo cha mkono, akatukana, akaomba radhi, akakishika tena. Kilipoachia, fundi alimimina maji ya sufuria kwa nyuma, akazungushia kitambaa kwenye mdomo wa pampu ya baiskeli, akaibana pale.

"Piga pampu!"

Mwanaume alipiga pampu kama anayejaza tairi la lori. Hakikutoka kitu. Kisha matope yakaanza kudondoka upande wa mbele, na katikati ya matope kitu cheusi kikaruka, kikaanguka kwenye sakafu. Pezi la mpira, limekunjamana, kubwa kama kucha ya kidole gumba.

Fundi alipinda ncha ya spoku ikawa ndoano. Aliingiza, akazungusha, akavuta. La pili. Akaingiza tena. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulipangusa. La tatu lilitoka vipande viwili.

"Hayo ni nini?"

Nahodha alikuwa ameinama mlangoni.

"Mapezi ya mpira."

"Si ulisema mapezi yapo yote?"

"Ya mpira mpya yapo yote."

Nahodha hakuwa mjinga. Aliyatazama mapezi yale kwenye kiganja cha wifi yake, akamtazama wifi yake usoni, midomo ikafunguka. Mpira wa zamani ulikatika mapezi. Aliyeuondoa akaweka mwingine hakuyafuata yaliyokatika. Na aliyeuondoa ni mmoja tu.

"Wifi," fundi alisema, "rudi kwenye usukani. Mengine tutaongea tukiwa nchi kavu."

Walirudisha paipu kwa haraka ambayo fundi hakuipenda, kibanio kimoja kikakazwa kwa waya. Alifungua valvu. "Washa!"

Injini iliwaka. Ikabweka. Abiria walikuwa wamegeuka wote kuangalia nyuma, na fundi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, uso karibu na tundu la ekzosi. Mvuke. Mvuke tena. Boti ilikuwa inarudi nyuma, maboya yakiwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuyatupia kiatu. Ndipo tundu likakohoa, likatema maji meusi, likakohoa tena, likatema ya matope, kisha yakaja kwa wingi, na mlio ukalainika, ukarudi kububujika kwake kwa kila siku.

"Inatema!" fundi alipiga kelele. "Inatema, wifi!"

"Ng'oeni nanga!"

Nanga iliyokataa kushika muda wote ule sasa ilikataa kuachia. Watu watatu waliivuta bila mafanikio. Nahodha alichomoa kisu chini ya usukani, akampa fundi baiskeli, kamba ikakatwa. Akaiongoza boti kwa mafuta kidogo, kwa mshazari, akiuruhusu mto umchukue kidogo na yeye ajinyakulie kidogo, mpaka sauti ya bwawa ikafifia na gati la nyumbani likakaribia.

Waliposhuka, wengine walicheka ovyo, wengine hawakusema neno. Mama muuza sufuria alipokea sufuria yake, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii siiuzi. Hii nitapikia mimi."

Gati lilikuwa na watu wengine waliotaka kuvuka. Ilikuwa imetangazwa kwamba kuanzia jioni milango mingine itafunguliwa na boti zote zitazuiwa. Nahodha aliwatazama, akautazama mto.

"Inatema vizuri?" aliuliza.

"Vizuri."

"Basi nivushe hawa, nirudi. Ila siendi bila nanga. Ya akiba iko stoo kwako."

Kuhusu mapezi hakusema chochote. Fundi alipanda ngazi za kwenda nyumbani, nyumba ya tatu kutoka gati.

Grisi alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa plasta umening'inia kwenye kitambaa.

"Nimeisikia ikibweka," alisema. "Nimeisikia ikizimwa. Mke wangu, nilikaa hapa roho mkononi."

Fundi alimpita, akaenda stoo, akaanza kuvuta nanga chini ya mabati. "Ulijua?"

Grisi hakuuliza alijua nini. "Mmeyatoa?"

"Tumeyatoa. Kwa spoku ya baiskeli, maboya yakiwa mgongoni." Aligeuka. "Nimekuuliza, ulijua?"

"Niliona yamekatika nilipoutoa ule mpira. Niliyatafuta kwenye paipu, sikuyaona. Kukifungua kipozeo ni kazi ya siku nzima, na Dada alikuwa juu anapiga honi, watu wamejaa. Nikasema yatatoka yenyewe na maji." Aliutazama mkono wa plasta. "Kisha nikaanguka. Kila siku nilitaka kukwambia. Kila siku boti inarudi salama, naona aibu, nanyamaza."

Fundi alimtazama mumewe. Huyu ndiye aliyemfundisha kukaza kila nati kana kwamba mwanawe atapanda. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkalisha chini, maana alikuwa amepauka kama majivu.

"Yalikuwa mangapi?" Grisi aliuliza kwa sauti ndogo. "Mliyoyatoa."

"Matatu."

Grisi alifumba macho. "Yalikatika manne."

Nanga ikamtoka mkononi. Tayari kutoka chini alisikia injini ikiwashwa.

Alishuka ngazi mbili mbili. Boti ilikuwa imejaa, kamba ya nyuma imeshafunguliwa. Nahodha alikuwa ameazima nanga ya mvuvi, hakuona haja ya kusubiri. Fundi aliikamata kamba ya mbele, akaizungushia nguzo.

"Zima, wifi!"

"Tena? Si inatema hiyo! Hata mimi naona!"

"Inatema sasa. Bado limo pezi moja. Litazunguka huko ndani, na mkiongeza mafuta katikati ya mto litakaa palepale walipokaa wenzake."

"Nani kasema?"

Abiria walikuwa wanasikiliza. Fundi alifungua mdomo, na jina la mumewe halikutoka. Kumtaja mbele ya gati zima, mbele ya dada yake aliyemlea, ilikuwa kama kumvua nguo.

"Nauliza, nani kasema?"

"Mimi nimesema."

Sauti ilitoka nyuma yao. Grisi alikuwa anashuka ngazi za mwisho, ameegemea ukuta kwa bega zima, hana viatu. Watu walimpisha.

"Yalikuwa manne, Dada. Niliyahesabu mimi. Sikuyafuata. Zima injini, washushe watu."

Nahodha alikaa na mkono kwenye ufunguo. Kisha akauzungusha.

"Shukeni," aliwaambia abiria. "Leo hatuvuki tena. Anayeweza, apitie daraja la huko juu ya mto." Walinung'unika, mmoja akasema mbona inaonekana nzima, Nahodha akamtazama tu, na yule akashuka. Walipokwisha, alimgeukia mdogo wake. Hakupaza sauti.

"Ulijua kuna kitu, ukaniacha nipakie watu juu yake."

"Ulikuwa unapiga honi, Dada."

"Mimi napiga honi kila siku! Ungeniambia bado, ningenyamaza."

"Usingenyamaza."

Nahodha aliketi kwenye ukingo wa boti, akatazama mikono yake. "Kweli," alisema mwishowe. "Nisingenyamaza."

Kazi ilichukua mchana wote uliobaki. Walikivua kipozeo kizima, fundi akifungua boliti, Grisi akimmulikia kwa mkono mmoja na kumwambia ipi ina kawaida ya kukatika. Baina yao hawakusemezana zaidi ya kazi, na usiku ule na siku kadhaa zilizofuata ingekuwa hivyo hivyo. Ndani ya vijibomba hamkuwa na kitu. Walikipekua mara ya pili. Wakafuata paipu inayokwenda nyuma, wakaifungua kwenye kona pale inapokutana na ekzosi, na hapo wakalikuta, limejibana, limeungua nusu, halifanani tena na pezi bali na kipande cha ngozi kavu.

Nahodha alilichukua, akaliweka kwenye kiganja, akalitazama muda mrefu. Kisha akalitupa kwenye kopo la taka, akavua viatu, akajibana kupitia mlango mdogo mpaka akafika ndani ya chumba cha injini, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo alikuwa akipatazama kwa juu tu.

"Wifi," alisema, akitafuta pa kuweka magoti. "Nionyeshe. Haya maji yanaingilia wapi?"

Fundi aliushika mkono wa wifi yake, akaupitisha chini ya paipu, gizani, akauweka juu ya valvu.